Zimwi Linalochekesha: Hadithi za Picha za Kutisha kwa Mzaha katika Somo la Kiswahili

Mwalimu mwanafunzi anayepangiwa mazoezi ya kufundisha Mbagala, Tandika, Manzese au Tandale asishangae kukuta kitabu cha picha kilichochakaa kimefichwa chini ya dawati. Ndani yake huenda pana jini lenye meno marefu linalomkimbia bibi mwenye mwiko. Desturi ya walimu wengi ni kukinyang'anya na kukifungia kabatini. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kitabu cha namna hiyo chaweza kuwa zana nzuri ya kufundishia, mradi mwalimu afahamu jinsi kinavyochekesha na mpaka ambao mzaha wake haupaswi kuuvuka.

Sanaa hii ina historia ndefu. Nchini Marekani kampuni ya EC ilianza mwaka 1950 kutoa hadithi za picha za kutisha, mojawapo ikiwa Tales from the Crypt. Mwaka 1952 kampuni hiyohiyo ilitoa jarida la MAD, lililohaririwa na Harvey Kurtzman, na katika toleo la kwanza mchoraji Jack Davis aliigiza kwa dhihaka hadithi za nyumba zenye mizimu ambazo kampuni yake yenyewe ilikuwa ikiziuza. Mwaka 1954, baada ya wazazi na wanasiasa kulalamika kwamba vitabu hivyo viliharibu watoto, wachapishaji walijiwekea kanuni zilizokataza hata neno "kutisha" katika majina ya vitabu vyao. Kanuni hizo zililegezwa mwaka 1971. MAD iliendelea kuishi, na watoto waliendelea kuisoma.

Hapa kwetu, Chakubanga, mhusika aliyebuniwa na Christian Gregory, alianza kuwachekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru mnamo mwaka 1967. Baadaye likaja gazeti la Sani, ambalo jina lake linatokana na majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Humo wasomaji walikutana na kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, na miongoni mwa wachoraji wake alikuwamo Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986. Magazeti ya vibonzo yaliyofuata Dar es Salaam yaliwaingiza wachawi, majini na popobawa katika picha, mara kwa kutisha, mara kwa kuchekesha, na mara nyingi kwa yote mawili.

Je, jambo la kutisha hugeukaje kuwa kichekesho? Kitisho hutegemea mambo matatu: giza, kimya, na kutojua kinachokuja. Mchoraji wa mzaha huyahifadhi yote matatu mpaka msomaji aanze kuogopa kweli, kisha huingiza jambo la kila siku ambalo zimwi haliwezi kulishinda. Tuchukue mfano. Zimwi lenye mabawa linashuka usiku kutoka mbuyuni na kupanda daladala ya Mbagala. Abiria wanatetemeka. Kondakta, ambaye hana habari na mizimu, anagonga bati na kudai nauli. Zimwi linapapasa manyoya yake na halina hata senti. Hapo kicheko hutoka, kwa kuwa aliyeogopwa ameonekana mnyonge kuliko abiria wote. Bila ya hofu ya mwanzo, kicheko cha mwisho kisingekuwapo.

Somo lifuatalo linafaa Darasa la Tano, kwa vipindi viwili.

Hatua ya kwanza ni mazungumzo. Wanafunzi wataje mambo ambayo msimulizi hutumia ili kuwatia watu hofu: mlango unaolia, sauti isiyo na mwenyewe, nyayo nyuma ya nyumba. Mwalimu ayaandike upande mmoja wa ubao. Upande wa pili aandike shughuli za kila siku watakazotaja: kupanga foleni ya maji, kuanika nguo, kununua vitumbua, kupanda daladala. Ubao ukishajaa, wanafunzi waoanishe jambo moja la kila upande.

Hatua ya pili ni kuchora. Kwa kuwa madarasa mengi ya jijini yana wanafunzi wengi, wagawanywe katika makundi, kila kundi likiwa na karatasi moja. Migongo ya kalenda za zamani inatosha. Karatasi igawanywe katika visanduku vinne. Cha kwanza kionyeshe kitisho. Cha pili kitisho kizidi. Cha tatu jambo la kawaida liingie. Cha nne kionyeshe matokeo. Mwalimu asikubali kundi lianze na kichekesho, bali awaulize: msomaji ataogopea wapi?

Hatua ya tatu ni kuandika maneno ya wahusika. Hapa ndipo lengo la sarufi linapofikiwa, kwa maana maneno yaliyo katika kiputo ni kauli halisi. Zimwi linasema, "Sina nauli, nimeshuka mbuyuni leo." Kondakta anajibu, "Mabawa yako yamekalia viti viwili, lipa nauli ya watu watatu!" Katika kipindi cha pili kila mwanafunzi aiandike hadithi ya kundi lake kwa kauli taarifa: zimwi lilisema kwamba halikuwa na nauli kwa kuwa lilikuwa limeshuka mbuyuni siku hiyo. Mabadiliko ya nafsi, njeo na maneno ya wakati, ambayo huwachosha watoto yakifundishwa kwa sentensi tupu, sasa yana hadithi ya kuyabeba.

Yafaa sasa tuutazame mpaka wa mzaha huu, maana hofu katika jamii zetu si mchezo mtupu. Mwaka 1995 habari za popobawa zilienea Pemba na Unguja, watu wakalala nje kwa makundi, na mtu mmoja mgonjwa wa akili akauawa na umati uliomdhania kuwa ndiye popobawa. Mwaka 2007 uvumi huo ulisikika tena Dar es Salaam. Katika Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo moshi wa jikoni wa miaka mingi waweza kuyasababisha. Tangu mwaka 2007 nchi imeshuhudia pia mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotokana na imani za uganga.

Kwa hiyo, kabla ya kuubandika mchoro wowote ukutani, mwalimu aulize swali moja: ni nani anayechekwa? Ikiwa linachekwa zimwi, au hofu yetu wenyewe, mchoro ni halali. Ikiwa anachekwa au kutishiwa bibi kizee, mlemavu, mgonjwa au mtu mwenye ualbino, huo si mzaha tena. Ni uvumi uliotiwa rangi. Mchoro huo usibandikwe, na kundi lielezwe sababu bila ya kuaibishwa. Vilevile, popobawa asichaguliwe kuwa mhusika darasani, kwa kuwa habari zake zina mambo yasiyowafaa watoto. Zimwi la ngano latosha. Na mtoto anayeonyesha hofu ya kweli asilazimishwe kuchora; apewe kazi ya kuandika maneno ya kondakta.

Katika tathmini, mwalimu apime mambo mawili. La kwanza, je, mwanafunzi ameigeuza kauli halisi kuwa kauli taarifa bila makosa? La pili, je, aweza kueleza kwa maneno yake kilichomwogofya katika kisanduku cha pili na kilichomchekesha katika cha nne? Mtoto anayeweza kujibu swali hili la pili ameanza kuelewa jinsi hofu inavyotengenezwa. Siku uvumi utakapopita mtaani kwao usiku, atakuwa na la kuuliza kabla ya kukimbia pamoja na umati.