Wageni na Tufani

Jamhuri ya Dominika ni nchi iliyo upande wa mashariki wa kisiwa cha Hispaniola, katika bahari ya Karibi. Wakaa huko wageni wengi waliotoka Ulaya na Marekani, ambao kwao hawakuzoea tufani. Majira yake ni tangu Juni hata mwisho wa Novemba, na mgeni mwenye akili huwatazama jirani zake. Awaonapo wakipigilia mbao madirishani, naye hupigilia. Wakikata matawi yaliyo karibu na paa, naye hukata. Hujaza maji mapipa na ndoo zote, kwa kuwa mara nyingi maji huvutwa kwa mashine ya umeme, na umeme ndio ukatikao kwanza. Tena huweka mchele, maharagwe na mishumaa.

Lakini liwadanganyalo wageni zaidi ni jicho la tufani. Upepo huo huzunguka kama pia, na katikati yake pana shwari. Jicho lipitapo juu ya mji, upepo hukoma ghafula, pengine hata jua huonekana. Asiyejua hufungua mlango, akatoka kutazama paa lake. Kumbe imepita nusu tu! Baada ya muda kidogo upepo hurudi kwa nguvu, nao huvuma kutoka upande wa pili. Tarehe 3 Septemba 1930 tufani iliupiga mji wa Santo Domingo, wakafa watu zaidi ya 2,000, na baadhi yao walikuwa wametoka nje wakati wa shwari hiyo. Kwa hiyo wageni waliokaa siku nyingi hawafungui mlango mpaka upepo wa pili umekwisha, hata watoto wakilia kwa joto.