KINGA YA BONETI: NI NGAO YA DEREVA AU PAMBO LA GARI?

Mvua za kwanza zinyeshapo katika nyanda za Lilongwe, yapata mwezi wa Novemba, ardhi hufunguka ikatoa viumbe wake. Kumbikumbi, ambao Wachewa huwaita ngumbi, hutoka vichuguuni makundi kwa makundi, wakapaa angani kutafuta wenzi na mahali pa kuanzisha makao mapya. Kwa mama wa nyumbani hiyo ni neema. Beseni la maji huwekwa chini ya taa, kumbikumbi wakaanguka humo, na kesho yake kitoweo kiko jikoni. Lakini kwa dereva aliyeko njiani jioni hiyo, neema ile ile yaweza kugeuka msiba.

Mwandishi wa makala haya aliyaona hayo kwa macho yake karibu na Lumbadzi, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya M1, kaskazini ya Lilongwe, jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kamuzu. Tulikuwa ndani ya pikapu ya mtu mmoja mzaliwa wa Kivu ya Kusini, akaaye katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1994. Kazi yake ni kuchukua mboga, mizigo na abiria kati ya Dzaleka na Lilongwe. Mkewe alikuwa ameketi kati yetu, na nyuma, juu ya magunia, walikuwamo watu sita.

Giza lilikuwa linaingia. Mara kioo kikaanza kulia kama kipigwacho na mvua ya mawe, kumbe ni kumbikumbi. Dereva akawasha waipa, na hapo ndipo alipokosea. Maji ya kuoshea kioo yalikuwa yamekwisha, na mpira wa waipa ulikuwa mkuukuu. Mabawa na mafuta ya wadudu vikapakazwa kioo kizima, mbele yetu pakawa peupe kama maziwa. Alipotoa kichwa dirishani ndipo alipoona, hatua chache mbele, baiskeli iliyosheheni magunia ya mkaa, haina taa. Alikata usukani, gari likaenda nje ya lami, likasimama majanini. Mwenye baiskeli alipita salama, pengine bila kujua jinsi alivyonusurika.

Hakuna aliyesema neno kwa kitambo. Kisha mke akasema taratibu, "Baba watoto, kesho twende kwa fundi."

WAZO LA KUNUNUA KINGA

Kesho yake tulipokuwa gereji hapo Lumbadzi, mwenyeji wangu alikwisha kuamua. Alikuwa amekiona katika magari mengine kile kipande cheusi cha plastiki kifungwacho kwenye ukingo wa mbele wa boneti, nacho kimeinama kuelekea juu. "Hicho ndicho nikitakacho," akamwambia fundi. "Nimeambiwa huwarusha wadudu juu ya gari wasiguse kioo."

Fundi, kijana mtaratibu, akauliza, "Mzee, je, una fedha za vyote, au una fedha za kimoja tu?"

Swali hilo, ndugu msomaji, ndilo kiini cha makala haya. Wako wengi miongoni mwetu, askari wa jeshi na wa polisi wenye pikapu zao, waliolizungumza jambo hili barazani. Wengine huapa kwamba kinga hiyo ni ngao, na wengine husema ni pambo la vijana. Ukweli u katikati, nao wahitaji kupimwa.

JINSI KINGA IFANYAVYO KAZI

Gari liendapo husukuma hewa mbele yake. Hewa hiyo hupanda juu ya boneti, ikafuata mwinamo wa kioo, kisha ikapita juu ya paa. Kinga ya boneti huigeuza hewa hiyo mapema zaidi na kuipandisha kwa ukali. Mdudu mwepesi huchukuliwa na upepo huo kama jani, akapita juu.

Lakini mambo matatu huamua kama kinga itafaa au haitafaa.

La kwanza ni mwendo. Nguvu ya hewa huongezeka kuliko mwendo wenyewe: mwendo ukizidi mara 2, nguvu ya hewa huzidi mara 4. Katika njia ya vumbi na mashimo, gari likienda kilomita 30 kwa saa, kinga hairushi kitu. Katika lami ya M1, kwa kilomita 80 kwa saa, yaweza kusaidia.

La pili ni uzito wa mdudu. Mbu na wadudu wadogo hufuata upepo. Panzi, nzige na mende wakubwa ni wazito, hawageuki upesi. Hao watagonga kioo hata kama pana kinga. Kumbikumbi wako katikati: baadhi watapita juu, baadhi watagonga. Kundi likiwa kubwa, hao wachache wagongao watosha kumpofusha dereva.

La tatu ni umbo la gari. Pikapu nyingi zina boneti ndefu na kioo kilichosimama. Hewa iliyorushwa juu na kinga huweza kushuka tena kabla ya kukifikia kioo, ikawa kazi bure. Ndiyo maana watu wawili wenye kinga za aina moja huweza kutoa ushahidi unaopingana, na wote wawili wakawa wakweli.

FAIDA ISIYOSEMWA SANA

Kinga hii ina faida nyingine, ambayo pengine ni kubwa kuliko ile ya wadudu. Hulinda ukingo wa boneti dhidi ya kokoto zirushwazo na magurudumu ya malori yaliyo mbele. Kila kokoto igongapo hutoboa rangi, na palipotoboka rangi huingia kutu. Kwa mtu apitaye kila siku katika njia za changarawe, jambo hilo si dogo. Katika nchi kama Australia na Afrika Kusini, zenye barabara ndefu za namna hiyo, kinga hizi ni za kawaida.

Wadudu nao huharibu rangi. Katika majimbo ya kusini ya Marekani yanayopakana na Ghuba ya Mexico hutokea mara mbili kwa mwaka, yapata Mei na Septemba, nzi weusi warukao wawili wawili, dume na jike wameshikana. Hujaa barabarani wakapondeka juu ya magari. Mabaki yao yakiachwa juani siku moja au mbili hugeuka tindikali na kuila rangi. Hapana shaka kwamba adha kama hizo ndizo zilizowafanya wenye magari wa huko wazipende kinga za boneti.

Nasi tunao wa kwetu. Juu ya Ziwa Malawi huonekana mawingu yafananayo na moshi, kumbe ni wadudu wadogo waitwao nkhungu, ambao wakaaji wa pwani ya ziwa huwakusanya na kufanya mikate. David Livingstone, aliyelitembelea ziwa hilo mwaka 1861, aliona mikate hiyo na kuandika habari zake. Gari likipita katika wingu la namna hiyo hutoka limevaa koti jeusi.

HASARA ZAKE

Kinga isiyofungwa vizuri huleta ubaya. Mchanga hujikusanya kati yake na boneti, na gari linapotikisika mchanga huo husaga rangi kama msasa. Mafundi wengine hutoboa boneti ili kutia skrubu. Matundu hayo ni mlango wa kutu, afadhali ile ishikwayo kwa klipu. Plastiki dhaifu hukauka kwa jua, ikapasuka, na kipande chaweza kung'oka safarini na kumpiga apitaye. Kadhalika, kinga ndefu humzibia dereva mfupi sehemu ya njia iliyo karibu na gari, mahali hasa ambapo mtoto huweza kuwapo. Na kwa askari aendeshaye gari la serikali, asilifunge kitu chochote bila idhini ya mkuu wake.

REJETA ILIYOSAHAULIKA

Fundi wetu hakujibu kwa maneno tu. Alifungua boneti, akatuonyesha uso wa rejeta. Mapezi yake yalikuwa yamezibwa na mabawa ya kumbikumbi, mbegu za nyasi na matope makavu. "Mzee," akasema, "kinga unayoitaka hupeleka hewa juu. Wadudu waingiao chini, hapa mbele ya rejeta, haiwazuii. Hewa isipopita hapa, maji yatachemka, na injini itakufa."

Dawa ya hilo ni wavu, nao wapatikana kwa gharama ndogo. Uwe na matundu makubwa kiasi cha kupitisha hewa, ufungwe mbele ya rejeta kabla ya mvua za kwanza, usafishwe mara kwa mara, na uondolewe msimu ukipita. Wavu wenye matundu madogo mno huziba upesi, ukawa ugonjwa badala ya dawa. Rejeta yenyewe isafishwe ikiwa baridi, kwa maji ya nguvu kidogo yatokayo upande wa injini kwenda nje, ili uchafu urudi ulikotoka. Nguvu ikizidi, mapezi hupinda. Wala kifuniko cha rejeta kisifunguliwe ikiwa moto.

FEDHA ZIANZIE WAPI?

Hebu tufanye hesabu. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akipofushwa kwa sekunde 3 tu, amekwenda mita 66 bila kuona. Katika mita hizo yaweza kuwamo baiskeli, ng'ombe, au mtoto aliyetumwa dukani. Basi kitu cha kwanza kununuliwa ni kile kirudishacho macho ya dereva. Utaratibu ufaao ni huu:

1. Mipira mipya ya waipa kabla ya mvua, na chombo cha maji kijazwe maji yenye sabuni kidogo.

2. Usiwashe waipa juu ya wadudu bila maji. Mwaga maji kwanza, yaache kidogo, kisha pangusa. Kioo kisiposafika, punguza mwendo, toka barabarani, simama.

3. Weka garini chupa ya maji, kitambaa, na ule mfuko wa wavu wa vitunguu ambao mama huutupa. Ukilowana kwa maji ya sabuni hung'oa wadudu kwenye kioo vizuri. Usitumie mchanga wala majivu, hukwaruza. Wala mafuta ya taa, huacha utando ung'aao usiku.

4. Osha boneti siku ile ile. Tandika kitambaa kilicholowa kwa dakika chache, wadudu walainike, ndipo upanguse.

5. Wavu wa rejeta.

6. Baada ya hayo yote, ikiwa fedha imebaki na safari zako ni za lami ndefu au changarawe nyingi, nunua kinga ya boneti, nyembamba na imara, ifungwayo bila kutoboa.

Mwenye kusafiri mwendo mdogo, kati ya nyumba, kazi na soko, hana haja nayo. Itakuwa pambo tu, na pambo halina ubaya kwa mwenye uwezo, mradi lisinunuliwe kwa fedha ya daftari za watoto.

Mwenyeji wangu alisikiliza, akamtazama mkewe. Mama yule akafungua kitambaa alichohifadhia fedha, akalipa waipa mbili na kipande cha wavu. Zilizobaki akazifunga tena. "Hizo nyingine," akasema, "zitangoja. Jana sikuogopa rangi ya gari kuharibika. Niliogopa mtu wa watu."

Jioni hiyo tulirudi Dzaleka. Kumbikumbi walikuwapo, wakagonga kioo kama jana. Dereva akapunguza mwendo, akamwaga maji, akapangusa, njia ikaonekana. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Walisema kweli, ila ni juu yetu kuchagua kinga ipi itangulie.