Lori limekwama ndani ya ini lako

Ukinunua gorogoro ya mahindi pale Njiru, unaangalia nini? Bei, bila shaka. Rangi ya punje hatuna habari nayo, na muuzaji anajua hivyo.

Basi twende ndani ya ini lako. Kila seli imebeba DNA yenye urefu wa karibu mita 2, na kabla haijagawanyika lazima iinakili yote, kazi ya saa nane hivi.

Mahindi yasipokauka vizuri, kuvu huota na kuacha sumu ya aflatoksini. Ndiyo iliyoua watu 125 mwaka wa 2004, wengi wao Makueni na Kitui. Ile ilikuwa dozi kubwa. Dozi ndogo ya kila siku haina haraka. Ini likijaribu kuivunja, linaigeuza kuwa kitu kinachonata kwenye DNA, juu ya herufi G. Mashine ya kunakili ikifika hapo inakwama, kama vile lori la mawe likiharibika katikati ya Kangundo Road saa moja asubuhi. Foleni yake unaijua.

Hapo anaingia trafiki, protini inayoitwa ATR. Inazuia sehemu nyingine zisianze kunakili, mafundi wapate nafasi ya kung'oa uchafu. Wakishindwa, kuna askari mkali zaidi, p53, anayeweza kuiamuru seli ijiue. Ukatili, ndio, lakini heri seli moja kuliko wewe mzima.

Sasa sikia ujanja wa sumu hii: inamlenga askari mwenyewe. Mwaka wa 1991 watafiti waliochunguza saratani za ini kutoka China na kusini mwa Afrika walikuta nyingi zina kosa lilelile kwenye jeni ya p53, mahali palepale, G imegeuka T. Askari akishazimwa, seli mbovu inaendelea kuzaana bila wa kuiuliza.

Ukiwa na virusi vya hepatitisi B, hatari inaongezeka mara nyingi. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ulizaliwa kabla ya hapo? Nenda ukapimwe.

Na usidhani ugali ukiiva sumu imekwisha, joto la sufuria haliiwezi. Shosho anayekaa mlangoni na ungo akichagua punje moja moja hana ushamba wowote. Zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, zote tupa. Wala usimpe ng'ombe, maana sumu hiyo itakurudia kwenye maziwa ya chai.