Nasaba Katika Madaftari ya Mahakama

Mtu atafutaye asili ya babu aliyehamia Marekani zamani, akitokea Ireland, Italia au Poland, aghalabu huwa na jina la nchi tu pasipo jina la kijiji. Na akiwa hakupata msaada katika barua za kale wala masimulizi ya jamaa, yampasa aelekee kwenye madaftari ya mahakama, kwa kuwa ndiko mhamiaji yule alikosimama mbele ya karani, akajieleza, akala kiapo, akapewa uraia wa tajnisi.

Sheria ya kwanza juu ya jambo hili, ya mwaka 1790, iliziachia mahakama kazi hiyo, ziwe za mji, za wilaya, za jimbo au za serikali kuu. Kwa kanuni iliyothibiti mwaka 1802, mgeni alitoa kwanza tamko la nia, kisha, akiisha kukaa nchini miaka mitano, akaleta ombi lake. Na kwa kuwa hakulazimishwa kuzitimiza hatua zote mbili mahali pamoja, aliweza kutoa tamko New York aliposhuka melini, akaja kula kiapo Ohio alikopata shamba. Basi anayetafuta aanze na sensa za 1900, 1910 na 1920, ambamo herufi Na huonyesha aliyekwisha pata uraia, Pa aliyetoa tamko, na Al aliyebaki mgeni. Kisha aifuate njia ya mzee wake mji kwa mji.

Tarehe 27 Septemba 1906 ndiyo mpaka mkubwa. Kabla yake kila mahakama iliandika ipendavyo, hata Mwairishi akatajwa tu kuwa ameukana utii wake kwa Malkia Victoria. Tangu hapo fomu zikawa za namna moja, nakala zikapelekwa Washington, na ndani yake mna tarehe na mahali pa kuzaliwa, kazi, meli, bandari, mke na watoto, pamoja na mashahidi wawili, ambao huenda ni majirani au ndugu waliotoka naye kijiji kimoja. Kwa hiyo majina yao nayo yanastahili kufuatiliwa.

Illa sheria hiyohiyo iliyowaandika baadhi iliwanyima wengine. Hadi 1922 mke alifuata uraia wa mumewe, na hivyo bibi hutafutwa katika jalada la babu. Watu wa asili ya Kiafrika hawakuruhusiwa kutajnisiwa hadi 1870, Wachina hadi 1943, na ubaguzi wa rangi haukuondolewa kabisa katika sheria hiyo hadi 1952. Kwa sababu hiyo, asiyeliona jina la mzee wake asihukumu kwamba hakuwapo, au kwamba hakuipenda nchi aliyoitumikia kwa jasho lake. Bali aisome sheria ya zama zile pamoja na daftari, ajue nani alifunguliwa mlango na nani alifungiwa, ndipo awatendee haki wazee wake wote, walioandikwa na wasioandikwa.