Binti anasoma riwaya ya mapepo: soma hii kabla hujamfutia

Shule zimefungwa, binti wa miaka 15 amejikunyata kwenye kochi na simu haimtoki mkononi. Mama anachungulia akidhani ni video zile zile za kucheza. Anakuta maandishi matupu, ukurasa baada ya ukurasa. Moyo unatulia, kumbe mtoto anasoma! Anasogea, anasoma mistari mitatu, na raha yote inakatika: mapepo, damu, maiti zilizochorwa maandishi yasiyosomeka, na msichana mwenye upanga anayemsaka muuaji wa wazazi wake.

Wazazi wengi wakifika hapo wana jibu moja tu: futa hiyo kitu.

Huenda jibu hilo likawa sahihi kwa nyumba yako. Lakini kuna riwaya moja ya aina hii ambayo mzazi angefanya vizuri kujua kilichomo kabla ya kuamua, kwa sababu jambo zito kuliko yote ndani yake halihusu mapepo hata kidogo. Linahusu watoto waliobeba mzigo wa watu wazima na kuapa kwamba hakuna mtu mzima atakayejua.

Riwaya hiyo ni Lady Midnight ya mwandishi wa Marekani, Cassandra Clare. Ilitoka mwaka 2016 na ina kurasa zaidi ya 600, kwa hiyo mtoto anayeimaliza kwenye kioo cha simu si mvivu wa kusoma. Ni ya kwanza katika vitabu vitatu. Cha pili, Lord of Shadows, kilifuata 2017 na cha tatu, Queen of Air and Darkness, 2018. Dunia yenyewe Clare alianza kuijenga mwaka 2007 kwa kitabu cha City of Bones, kilichotengenezewa filamu mwaka 2013. Baadaye ikaja tamthilia ya televisheni ya Shadowhunters, iliyorushwa kuanzia 2016 hadi 2019. Kama kijana wako aliwahi kuitazama, basi anaujua mtaa huu vizuri kuliko wewe.

Hadithi inatokea Los Angeles, jiji la kweli lenye foleni na fukwe zake. Pembeni ya maisha hayo ya kawaida kuna dunia nyingine isiyoonekana: wachawi, watu wanaogeuka mbwamwitu, wanyonya damu, na wawindaji ambao kazi yao ni kuua mapepo. Wawindaji hao ni binadamu wenye damu ya malaika na wanaitwa Nephilim, jina ambalo msomaji wa Biblia ya Kiswahili amelikuta kama Wanefili katika Mwanzo sura ya 6. Wanajichora alama mwilini ili wapate nguvu, kasi au kupona majeraha.

Hapo ndipo wazazi wengi wanaposhtuka, na si bure. Katika nyumba nyingi pepo si kiumbe wa hadithi, ni jambo la kukeshea kwa maombi au kusomewa dua. Kitabuni mapepo ni madubwana kutoka dunia nyingine, na kazi yao kubwa ni kukatwa kwa upanga. Mashujaa hawayaabudu wala kuyaomba kitu. Kafara zimo, na za kutisha, ila anayezitoa ndiye mwovu wa hadithi. Mzazi anayesema hata hivyo hapana, hiyo ni haki yake.

Sasa msichana mwenyewe. Anaitwa Emma Carstairs, ana miaka 17. Alipokuwa na miaka 12 wazazi wake waliuawa, na miili yao ikaopolewa baharini ikiwa na maandishi ya lugha ambayo hakuna aliyeweza kuisoma. Baraza la wakubwa likatangaza kwamba waliuawa na adui wa vita vya wakati ule, na faili likafungwa. Emma hakukubali. Miaka mitano anakusanya ushahidi: ndani ya kabati lake la nguo amebandika picha, vipande vya magazeti na maelezo, akitafuta uzi unaoviunganisha. Anafanya mazoezi mpaka anaumia. Ana mzaha mwingi, ni jasiri kupita kiasi, na wakubwa wake wanajivunia mpiganaji hodari. Ukali wa huzuni iliyo nyuma ya uhodari huo wengi wao hawauoni. Kisha maiti zenye maandishi yale yale zinaanza kuokotwa tena.

Mzazi wa huku hahitaji kwenda Los Angeles kumjua Emma. Ni yule mtoto wa msibani anayesifiwa kwamba "amejikaza", anayetumwa akaangalie chai jikoni wazee wanapozungumzia kifo cha baba yake. Watu wanatawanyika, turubai linashushwa, na mambo yanahesabiwa yamekwisha. Mtoto anabaki na maswali yake, na kwa kuwa hakuna aliyemjibu, anajijibu mwenyewe.

Anayeumiza moyo zaidi, hata hivyo, ni mwenzake Emma.

Julian Blackthorn naye ana miaka 17. Tangu akiwa na miaka 12 analea wadogo zake wanne: pacha Livia na Tiberius, Drusilla, na kitinda mimba Octavian, aliyekuwa mtoto wa miaka miwili wakati Julian anaanza kazi hiyo. Baba yao alikufa katika vita vile, tena kwa namna ambayo Julian hawezi kuisahau, maana adui alikuwa amekwisha kumgeuza baba kuwa kiumbe mwingine na mkono uliommaliza ulikuwa wa mwanawe. Dada mkubwa amepelekwa uhamishoni. Kaka mkubwa, Mark, amechukuliwa na viumbe wa maajabu. Kwa macho ya watu familia inaongozwa na ami yao, Arthur. Ukweli ni kwamba akili za ami hazijatulia. Anashinda darini na vitabu vyake, siku nyingine hajui yuko wapi.

Basi Julian anapika, anafua, anabembeleza wanaoota ndoto mbaya, halafu usiku anaandika barua za kikazi kwa jina la ami ili baraza lisishtuke. Likijua, watoto watagawanywa. Anayemhofia zaidi ni Tiberius, miaka 15, ambaye kelele zinamtesa, anatembea na hedifoni, mikono yake lazima iwe na kitu cha kuchezea, na akili yake ni wembe. Mzazi mwenye mtoto wa usonji atamtambua ndani ya kurasa chache, ingawa watu wa hadithi hawana jina la hali hiyo.

Clare, ambaye aliwahi kuwa mwandishi wa habari za burudani, hapa ameandika vizuri sana. Mark anaporudi nyumbani, Julian anatarajia kupumua: mkubwa amekuja. Lakini Mark amezoea kulala nje. Kitanda tu kinamshinda. Siku anapoachiwa wadogo, jiko zima linavurugika, na hapo ndipo anapopata picha ya kazi aliyoifanya mdogo wake miaka yote. Mama yeyote aliyewahi kumwachia mtu nyumba siku moja atacheka hapo. Atacheka, kisha atanyamaza.

Yako mambo ya kumwandaa kijana. Mauaji yanaelezwa waziwazi. Kuna mahali Emma anajitolea kuchapwa mijeledi ili wenzake wasichapwe, na kurasa hizo si nyepesi. Kuna mapenzi pia, na kwa Emma na Julian yanafika mbali, ingawa mwandishi haingii katika kila undani. Tena mapenzi yao ni mwiko: wawili hao wameapishana kama watu waliochanjiana damu, na sheria yao inakataza kabisa wa kiapo hicho kupendana. Kwa mtoto wa darasa la sita hiki si kitabu chake. Kwa aliye kidato cha tatu au cha nne, mzazi anamjua mwanawe.

Lipo jingine ambalo mzazi asimwambie kijana akiwa katikati ya kitabu, maana atanuniwa wiki nzima. Muuaji si mgeni. Ni mtu anayeingia na kutoka nyumbani kwa watoto hawa, ndiye anayewapa dawa ya kumtuliza ami yao, na wao wanamhesabu rafiki. Siri yao ndiyo iliyompa mlango: watoto walioogopa kuwaambia wakubwa wa halali walilazimika kumwamini yeyote aliyewasaidia bila kuuliza maswali.

Kwa hiyo badala ya kuanza na "unasoma uchafu gani huo?", mzazi anaweza kumuuliza binti kwa nini Julian hakumwambia mtu yeyote. Au kama angekuwa Julian, angemwendea nani, shangazi, mwalimu, jirani? Swali la pili lina faida yake, kwa sababu jibu halimhusu Julian peke yake. Akisema "nisingemwambia mtu," usimkatize na usianze kujitetea. Ngoja umsikie mpaka mwisho, hata kama sufuria iko jikoni.

Na kama nyumbani kuna msiba wa karibuni, chunga kitabu cha pili. Kinaishia kwa kifo cha mmoja wa watoto wa nyumba hii ya Blackthorn, ghafla, mbele ya ndugu zake, na kitabu kinafungwa hapo hapo bila kumpa msomaji nafasi ya kulia. Hicho kisome wewe kwanza, au uwe karibu siku anayokimaliza.