TROODOS: MLIMA UNAOVUTA KULIKO UNAVYOTAKIWA

Kama unapenda mpira, Kupro unaijua kwa APOEL basi. Leo nawapeleka mlimani huko huko, Troodos.

Safu kubwa za milima kama Himalaya zina mzizi wa mwamba mwepesi uliozama chini. Ukipima mvutano wa dunia pale, halafu ukatoa hesabu ya urefu na ya mawe unayoyaona, jibu linakuja hasi. Troodos linakuja chanya! Mwaka 1963 watafiti Gass na Masson-Smith walichapisha vipimo vinavyozidi miligali 200. Kubwa? Kwa gunia la sukari la kilo 50 ni kama gramu 10 tu za ziada, tena kwa mizani ya springi. Ile ya mawe haitaona kitu, maana mawe nayo yanavutwa vilevile :-)

Sasa hizo gramu zinatoka wapi? Troodos ni kipande cha sakafu ya bahari, umri miaka milioni 90 hivi, kilichopandishwa pamoja na mwamba wa chini yake uitwao peridotiti. Kipande cha namna hiyo ndiyo ofioliti. Mita moja ya ujazo ya peridotiti safi ina tani 3.3, wakati mawe ya kawaida ya bara ni tani 2.7 hivi.

Hapa ndipo panaponoga. Kwenye kilele chake, Olympus (mita 1,952), peridotiti imetokeza nje kabisa. Ungetegemea mvutano uwe mkubwa kuliko kote, sivyo? Wapi! Pale pale unashuka. Maji yaliingia ndani ya mwamba yakaugeuza sepentini, jiwe la kijanikijani. Mwamba ukavimba, ukawa mwepesi, ukasukuma kwenda juu. Yaani kilele kipo pale kwa sababu jiwe lilikunywa maji.

Na msidhani ni porojo za darasani. Oman wana ofioliti ya karibu kilomita 500 kwa urefu, na kampuni ya 44.01, iliyoshinda tuzo ya Earthshot mwaka 2022, inaingiza kaboni dioksaidi kwenye peridotiti ya huko ili igeuke jiwe. Inayotakiwa ni peridotiti ambayo maji hayajaimaliza. Kwa kuwa iliyogeuka na isiyogeuka zinapishana uzito, kupima mvutano ni njia mojawapo ya kuzitofautisha kabla hujaanza kuchimba, na kuchimba ni gharama jamani.

Ndugu zetu wa Muscat, yale majabali meusi mnayoyaona kila siku nyuma ya mji ndiyo yenyewe.