Je, Wajua? Programu Nzuri Hutarajia Makosa

Je, wajua kwamba nambari ya mita ya umeme hujikagua yenyewe? Mwenye duka mjini Oyugis anaponunua tokeni kwa simu, huandika nambari ya mita yenye tarakimu 11. Ya mwisho hukokotolewa kutokana na 10 zilizotangulia, hivyo tarakimu moja ikikosewa, hesabu haikubali. Kanuni hiyo ni ya Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM, aliyeiombea hataza mwaka 1954. Lakini ina upenyo: 09 ikigeuzwa kuwa 90, haing'amui.

Je, wajua kwamba katika lugha ya programu ya Python, 2 jumlisha 3 huweza kuwa 23? Amri ya input() hupokea kila kitu kama maandishi, hata tarakimu. Usipotumia int() kuzigeuza kuwa namba, kompyuta huziunganisha tu. Na mtu akiandika "mbili" badala ya 2, int() hutoa ValueError na programu husimama, isipokuwa umeikinga kwa try na except.

Je, wajua kwamba ritifaa huweza kuvuruga hifadhidata? Seneta wa Homa Bay, Moses Kajwang', anayo mwishoni mwa jina lake. Gavana Anyang' Nyong'o wa Kisumu anazo mbili. Katika SQL, lugha ya kuamuru hifadhidata, alama hiyohiyo hufunga maandishi. Programu inayobandika jina moja kwa moja ndani ya amri hukwama, au humfungulia mdukuzi mlango. Dawa ni kulitenga jina na amri, si kumkataza Mjaluo kuandika jina lake.

Je, wajua kwamba ukaguzi mkali kupita kiasi nao ni kosa? Mwaka 2019 Kenya ilianza kutoa nambari za simu zinazoanza na 01. Programu inayodai kila nambari ianze na 07 huwakataa wateja halali.

Je, wajua kwamba sifuri iliwahi kusimamisha manowari? Septemba 1997, sifuri iliingizwa kwenye hifadhidata ya USS Yorktown ya Marekani. Kompyuta ikajaribu kugawanya kwa sifuri, mtandao wa meli ukaanguka, na injini zikazimika kwa zaidi ya saa mbili.

Unayejifunza kuandika programu, ijaribu yako kwa nafasi tupu, sifuri, nambari hasi, herufi na jina lenye ng'. Ikikataa, ieleze sababu: "Andika tarakimu 11" humsaidia mtumiaji zaidi kuliko "Kosa!"